Ua la Mlangamia Nililokataa Kulitazama

Naikumbuka asubuhi moja ya Septemba, mwanangu, na ingawa nywele zangu sasa ni nyeupe, kila nikiikumbuka uso wangu hupata moto. Wazee hupenda kuwasimulia vijana mambo waliyoyashinda. Mimi leo nitakusimulia jambo nililoshindwa, na sitalipaka asali. Nina hasira, na hasira yenyewe umeiamsha wewe Jumapili iliyopita, ulipokaa hapa sebuleni kwangu na cheti chako kipya cha ualimu, ukasema, "Mtoto wa Form Two atamwambia nini mwalimu?" Wenzako wakacheka. Mimi sikucheka, na ulidhani sikusikia. Nilisikia vizuri. Nilikuwa nasikia sauti yangu mwenyewe ya miaka ile.

Basi vuta kiti, usikilize.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa mwalimu wa biolojia katika shule moja ya harambee, iliyojengwa kwa michango ya wananchi mlimani, juu ya Matiliku. Wakati huo Makueni yote ilikuwa bado chini ya Machakos, na mimi nilikuwa mgeni huko, msichana wa Kitui, kwetu Kabati. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Katika kijiji chetu hakuna mwanamke aliyewahi kusoma chuo kabla yangu. Nilipomaliza, kanisa letu lilinisimamisha mbele ya watu, wakaniombea, wakaniambia mimi ni taa. Mwanangu, mtu akiambiwa ni taa akiwa bado kijana, huacha kutafuta mwanga kwingine. Hilo ndilo lililonipata.

Nilikuwa na daftari moja kubwa la chuo, lenye jalada jeusi. Kila nilichofundisha kilitoka humo. Wanafunzi walinakili nilichosema, na mimi nilisema nilichonakili, na hivyo sote tukaridhika. Akili nyingi huondoa maarifa, wahenga walisema, lakini mimi hata hizo akili nyingi sikuwa nazo. Nilikuwa na maandishi mengi tu.

Muhula wa tatu kulikuwa na maonyesho ya sayansi shuleni. Hayakuwa maonyesho ya kupendeza macho tu. Kamati ya elimu ya kanisa ilikuwa imeahidi kumchukua msichana mmoja, yule atakayefanya vizuri zaidi, na kumtafutia nafasi katika shule kubwa ya wasichana ya serikali, iliyokuwa na maabara, maktaba na walimu waliosomea kazi yao. Shule yetu sisi ilikuwa na mikroskopu moja iliyovunjika kioo, na lenzi moja ya mkononi niliyokuja nayo kutoka chuoni. Kwa hiyo unaelewa siku ile ilibeba nini.

Nilikuwa nimewapa Form Two kazi ya likizo ya Agosti: kila mmoja akusanye mimea, aikaushe ndani ya magazeti, kisha aipange kwa jamii zake. Wengi walileta mahindi na maharagwe ya shambani, wakaandika majina waliyoyapata ubaoni. Kulikuwa na msichana mmoja, Mumbua, mtoto mrefu mwenye sauti ndogo, ambaye hakuinua mkono darasani ila akiwa na hakika. Mama yake alikuwa amefariki, na yeye alilelewa na nyanya yake, susu kama tunavyosema Kikamba, katika vilima vya Kilungu. Baba yake alifanya kazi ya reli, kwenye stesheni ndogo kule chini karibu na pwani. Likizo ile Mumbua alikwenda kukaa na baba yake, akarudi na bahasha ya magazeti iliyonenepa.

Karatasi zake zote zilikuwa nzuri. Lakini moja ilinikwaza. Juu aliandika: "Jamii ya mparachichi." Chini yake alikuwa amebandika vitu vitatu. Cha kwanza kilikuwa tawi la mparachichi wa nyumbani kwa susu yake, lenye maua. Cha pili kilikuwa tawi la mdalasini, kwa maana mkuu wa stesheni alikuwa ameupanda uani kwake. Hayo mawili niliyajua, yalikuwa ndani ya daftari langu. Cha tatu kilikuwa fundo la nyuzi. Nyuzi za manjano zenye ukijani, hazina jani hata moja, zimejizungushia kijiti cha mti mwingine ambao ulionekana kufa. Kando yake alikuwa ameandika: "Mlangamia. Hukua juu ya vichaka karibu na reli. Hufyonza mti mwingine."

Nikacheka. Naam, nilicheka, kama ulivyocheka wewe.

Mmea ule nilidhani ninaujua. Daftari langu lilisema kwamba kuna mmea wa nyuzi za manjano, usio na majani, unaofyonza mimea mingine, na kwamba huo ni wa ukoo wa viazi vitamu. Nilikuwa nimechora picha yake chuoni na kupata alama nzuri. Sasa huyu mtoto anauchukua mkia wa kiazi kitamu na kuubandika kwa parachichi. Nilimwita mezani kwangu baada ya kipindi. Nilimwambia amekosea, aondoe uzi ule aupeleke kwenye karatasi ya viazi.

Kisha akasema, "Mwalimu, tafadhali angalia ua lake. Ni dogo, lakini likilowekwa linafunguka." Akaisukuma lenzi kwangu juu ya meza, polepole, kwa mikono miwili, kama mtu anayempa mkubwa wake chakula.

Mwanangu, lenzi ilikuwa hapo. Ua lilikuwa hapo. Jua lilikuwa likiingia dirishani, mwanga wa kutosha hata kipofu kuona. Kulitazama kungenichukua muda mfupi kuliko wa kunywa kikombe cha chai. Mwenye macho haambiwi tazama, na mimi nilikuwa nimeambiwa, tena kwa adabu, na bado sikutazama. Nikachukua kalamu nyekundu, nikapiga mstari juu ya kazi yake, nikamwambia kwamba nimesoma chuo miaka mitatu na yeye hajamaliza hata Form Two.

Unajua kilichoniudhi? Hakikuwa kile kiuzi. Uliniudhi ule utulivu wake, kule kutokuogopa kwake. Hakubishana kwa kiburi. Aliomba nitazame tu. Mtu anayekuomba utazame anakuonyesha kwamba hujatazama, na hilo nililiona tusi.

Siku ya maonyesho meza zilipangwa uwanjani. Walikuja wazazi, wazee wa kanisa, na afisa wa elimu kutoka Machakos aliyevaa tai. Mimi nilikuwa nimeupeleka ule mlangamia kwenye viazi kwa mkono wangu. Nilipopita mara ya pili nikakuta Mumbua ameurudisha. Aliandika karatasi mpya, safi, isiyo na mstari mwekundu, na kiuzi chake kipo mahali pale pale, karibu na parachichi. Kabla sijasema neno, afisa alikuwa amefika na mwalimu mkuu ubavuni mwake.

Mumbua akamweleza. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikutetemeka. Alisema sehemu za ua la mparachichi huja tatu tatu, na za mlangamia pia huja tatu tatu. Alisema vile vijifuko vinavyobeba unga wa chavua katika maua mengi hupasuka kwa urefu, kama ganda la haragwe, lakini katika haya matatu havipasuki hivyo: vina vifuniko vidogo vinavyoinuka juu, kama kifuniko cha sanduku. Alisema tena kwamba vyote vitatu huzaa tunda lenye kokwa moja. Kwa hiyo, alisema, huu mlangamia umepoteza majani kwa sababu ya kuzoea kufyonza, lakini haukupoteza ua la kwao.

Afisa yule alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akanigeukia, akaniuliza, "Mwalimu, hii ni kweli?"

Lile swali lilikuwa mlango wa pili Mungu alionifungulia. Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema, tuangalie pamoja. Nikasema, mbele ya wazazi na wazee wa kanisa na wanafunzi wote, kwamba si kweli, kwamba mtoto huyu nilishamsahihisha, na kwamba ameirudisha kazi yake kwa ukaidi. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Dole langu lingekuwa limepona zamani.

Nafasi alipewa msichana mwingine, aliyekuwa amechora sehemu za mmea wa mahindi kutoka kwenye chati yangu ya ukutani. Msichana huyo hakuwa na kosa lolote na simsemi vibaya. Baba yake alikuwa mwenyekiti wa halmashauri ya shule. Hilo nalitaja tu, wewe lipime mwenyewe.

Jumatatu asubuhi, kwenye paredi, mwalimu mkuu alimwita Mumbua mbele. Alimwamuru aniombe msamaha, na aseme kwa sauti kwamba mmea ule ni wa jamii ya viazi vitamu. Wanafunzi mia na zaidi walikuwa wamesimama kwenye umande. Mimi nilisimama na walimu wenzangu, nimefunga mikono kifuani.

Mumbua akasema, "Ninamwomba mwalimu msamaha kwa sababu nilirudisha karatasi bila ruhusa. Lakini ua siwezi kulisemea uongo."

Alifukuzwa saa ile ile, mpaka aje na mzazi. Alibeba sanduku lake la bati kichwani, akateremka ule mteremko wa shule, na hakuna aliyemsindikiza. Nami nikaingia darasani nikafundisha. Nilifundisha nini siku ile? Sikumbuki. Lakini nilifundisha vizuri, nadhani, kwa sababu hakuna aliyeuliza swali. Ndivyo mwalimu mjinga anavyojipima.

Baba yake hakupata ruhusa kazini. Aliyekuja ni susu yake. Alifika siku ya tatu, amevaa leso mbili na viatu vya mpira, ametembea kutoka Kilungu. Mwalimu mkuu hakutaka kumwona. Alisema anataka mzazi, si nyanya. Mzee wa watu akauliza mwalimu wa mimea ni nani, akaelekezwa kwangu. Nilimpa kiti nyuma ya ofisi ya walimu. Hakukaa.

Aliniambia kwa Kikamba, bila kupandisha sauti, "Mwiitu, binti yangu, sikuja kugombana. Nimekuja na swali moja. Mtoto wangu anasema hukuliangalia lile ua. Uliliangalia?"

Nikaanza kumweleza. Nilimwambia habari za chuo, za vitabu, za jamii za mimea na jinsi wataalamu walivyozipanga. Alinisikiliza kwa heshima, kama mtu anayengoja mvua ipite. Nilipomaliza akarudia, "Sijauliza ulisoma wapi. Nimeuliza kama uliliangalia."

Nikasema hapana.

Akatikisa kichwa. Akasema, "Kwetu mtoto akizaliwa hafanani na baba yake, hatumpeleki kwa jirani anayefanana naye. Tunawauliza waliokuwepo alipozaliwa. Sura humdanganya mpita njia. Wewe si mpita njia, wewe ni mwalimu." Kisha akafunga leso yake kiunoni akaenda zake. Hakuniaga, nami sikustahili kuagwa.

Nimesemwa na watu wengi maishani, mwanangu, wengine kwa matusi. Hakuna aliyenipiga kama yule mama asiyejua kusoma, kwa swali moja alilolirudia mara mbili.

Alasiri ile nilifungua kabati la sayansi. Karatasi ya Mumbua ilikuwa bado humo. Nilichemsha maji kwenye jiko la makaa, nikaloweka vijiua viwili vya mlangamia ndani ya kisahani, vidogo kama punje za mtama. Vililainika. Nikavifungua kwa sindano, nikaweka lenzi jichoni. Tatu, na tatu. Na pale katikati, kila kijifuko cha chavua kilikuwa na vifuniko viwili vidogo vimeinuka juu, kama mtu aliyeacha milango wazi akaondoka.

Nikatoka nje. Nyuma ya nyumba za walimu kulikuwa na mparachichi uliojaa maua. Nilipita chini yake kila siku nikienda kuoga, na kwa mwaka mzima sikuwahi kuinua macho. Nikachuma ua. Tatu, na tatu. Vifuniko, vinne kwa kila kijifuko. Nikaenda bustanini nikachuma ua la kiazi kitamu. Sehemu zake tano, limeungana kama faneli, na vijifuko vyake vimepasuka kwa urefu. Hata mtoto wa chekechea angeona. Nikarudi kwenye daftari langu jeusi, nikatazama ile picha iliyonipatia alama nzuri. Mmea niliouchora chuoni ulikuwa na ua la sehemu tano na kitunda kikavu chenye mbegu nne. Ulikuwa mmea mwingine kabisa. Mimea hiyo miwili inafanana kwa nyuzi tu, na watu wa pwani huiita yote miwili mlangamia. Nilikaa chini ya ule mti, maua matatu yamelala kwenye leso yangu, nikalia kwa hasira. Si huzuni, mwanangu. Hasira. Nilikuwa nimemfukuzisha mtoto kwa ajili ya jambo ambalo ukweli wake ulikuwa ukidondoka kwenye ndoo yangu ya maji ya kuoga.

Hata hivyo, bado sikuamini macho yangu. Tazama ugonjwa wa mtu aliyezoea kunakili. Nikafunga kipande cha mlangamia kwenye bahasha, nikakipeleka kwa barua Nairobi, kwa watu wanaotunza mimea iliyokaushwa. Majibu yalichukua wiki tano. Mzee mmoja aliyeandika kwa mashine alinieleza kwa upole kwamba mwanafunzi wangu yuko sahihi. Alisema ukoo ule ni mmoja wa koo za kale sana za mimea yenye maua. Alama za majani ya mababu zake zimo kwenye mawe ya zama za wale mijusi wakubwa waliotoweka. Katika ukoo huo, alisema, kuna mti wa kafuri wa misitu ya baridi, mrefu kuliko mnara wa kanisa, kuna mdalasini, kuna mparachichi, na kuna huu uzi unaoanza maisha ardhini kwa mbegu kama mwingine yeyote, kisha unashika mti jirani, unaacha mzizi wake ufe, na majani yake yanabaki vigamba visivyoonekana. Aliongeza kwamba hata baadhi ya wataalamu waliwahi kuutenga peke yake kwa sababu ya tabia yake, lakini ua linawakatalia. Mwisho akaandika, kwa wino, chini ya sahihi: "Mpe pongezi zangu mtoto huyo."

Nikaichukua barua mbio mpaka kwa mwalimu mkuu. Aliisoma mara moja, akaikunja. Akaniambia nafasi imeshatolewa, mwenyekiti ameshamnunulia binti yake sare, na kwamba shule haiwezi kujivua nguo mbele ya wazazi kwa sababu ya mzizi wa porini. Akasema, "Wewe ni mwalimu mzuri. Usiharibu jina lako."

Na mimi nikanyamaza. Hapa ndipo ninapotaka usikilize zaidi, kwa sababu lile kosa la kwanza lilikuwa la ujinga, na ujinga una dawa. Hili la pili lilikuwa la uoga. Nilibaki na barua ile kwenye sanduku langu wiki mbili nzima, nikienda kanisani nayo, nikiimba nayo, nikipokea ushirika nayo. Jina zuri. Nilitunza jina zuri, mtoto wa watu yuko nje.

Jumamosi moja nikaambiwa Mumbua ameonekana Salama, kwenye barabara kuu, akiuza matunda na shangazi yake. Nikaenda. Nikamkuta amesimama kando ya lami na beseni la maparachichi ya kwao, akiwainulia abiria dirishani. Alinisalimia vizuri, akanifutia gunia nikae. Nikatoa barua nikampa.

Aliisoma yote, kidole chake kikifuata mistari. Nilikuwa nikingoja alie, au acheke, au anishukuru. Ndiyo, mwanangu, nilitaka hata kushukuriwa. Aliikunja kama ilivyokuwa, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Haya nilikuwa nayajua, mwalimu," akasema. "Wasomee wao."

Basi. Gari likasimama, akaniacha akakimbilia wateja.

Jumatatu iliyofuata, kwenye paredi, baada ya sala, nilitoka kwenye mstari wa walimu bila kuitwa. Nikaisoma barua kwa Kiingereza kama ilivyoandikwa, kisha nikaieleza kwa Kiswahili, neno kwa neno. Nikasema: Mumbua alisema kweli, mimi nilisema uongo, na niliusema kwa sababu sikutazama. Nikasema nilipogundua nilikaa na barua wiki mbili kwa sababu niliogopa. Mwalimu mkuu aliniambia niende ofisini, nikaenda, na yaliyosemwa humo hayahitaji kurudiwa mbele ya mtoto wangu.

Sitakudanganya kwamba mambo yalinyooka. Maji yakimwagika hayazoleki. Ile nafasi ilikwenda na haikurudi. Wazee wawili wa kanisa walioisikia habari walisimama kidete, na Mumbua akaruhusiwa kurudi Januari, lakini ilibidi arudie mwaka. Mimi nilihamishwa kabla muhula haujaisha, nikapelekwa Kitui, shule ya mbali zaidi waliyoweza kuipata kwenye ramani. Watu waliniambia nimeonewa. Sikuonewa. Mimi nilihamishwa na mshahara wangu na kitanda changu. Aliyeonewa ni mtoto aliyeteremka mlima peke yake na sanduku kichwani. Alifanya mtihani wa Form Four katika shule isiyo na maabara, akapita, lakini si kwa alama za kwenda mbele. Kichwa kile, mwanangu. Kichwa kilichoona kwa lenzi moja kile ambacho watu wenye vyeti walikuwa wakibishania, kikafungiwa mlango na kalamu nyekundu ya msichana wa miaka ishirini na minne aliyeitwa taa. Usiniambie ni mapenzi ya Mungu. Nimechoka kusikia Mungu akisingiziwa kazi za mikono yetu.

Nilimwona tena miaka ya tisini, sokoni Kabati. Alikuwa mama mzima, na nyuma yake safu za miche ya miparachichi kwenye karatasi nyeusi za plastiki, yote ameiunganisha vikonyo mwenyewe kwa kisu. Wakulima wa Kitui na wa Kilungu walikuwa wakimngojea yeye, wala si mwingine. Aliwaeleza jinsi ua la mparachichi linavyofunguka mara mbili, siku ya kwanza kama jike, likafunga, siku ya pili kama dume, na kwa nini ni vizuri kupanda aina mbili karibu. Hakuna aliyemfundisha hayo darasani. Aliyatazama.

Nilimwambia nimesoma kwamba siku hizi wataalamu wanachunguza hata chembe za urithi ndani ya mimea, na kwamba nazo zimesema vile vile: mlangamia ule ni wa ukoo wa parachichi. Akatabasamu, mikono yake imejaa udongo.

"Vizuri," akasema. "Basi na wao wameangalia."

Alinifungia miche miwili, akakataa kabisa nimlipe. Hakuniita mwalimu. Aliniita kwa jina langu la ubatizo, kwa upole, kama anavyoitwa jirani. Alikuwa na haki hiyo.

Sasa mwanangu, sikia usia wangu, maana mwezi ujao unaanza kazi. Cheti chako ni ruhusa ya kuingia darasani tu. Hakikupi haki ya kufunga macho humo ndani. Mtoto akikuambia tazama, tazama, hata kama una hakika, na hasa kama una hakika. Ukishatazama ukamkuta amekosea, mwonyeshe kosa liko wapi, na hutakuwa umepoteza kitu. Ukimkuta yuko sahihi, sema hapo hapo, ukiwa bado umesimama mbele ya wale wale waliokusikia ukimkataa. Usimpelekee msamaha kando ya barabara wakati ulimwaibisha uwanjani. Kosa la hadharani hutubiwa hadharani. Na usihukumu ukoo wa kitu, wala wa mtu, kwa majani aliyopoteza. Uliza alizaliwaje. Mkubwa wako akikuambia utunze jina lako zuri, muulize kwanza jina la nani linachafuliwa ili lako liwe safi. Kuuliza si ujinga, na kukosea si aibu. Aibu ni kujua na kunyamaza. Nimekaa ndani ya aibu hiyo wiki mbili tu, na harufu yake bado ninaisikia.

Usinikasirikie kwa ukali wangu. Ningekuwa sikupendi ningekupigia makofi Jumapili ile.

Haya, inama. Mungu wa baba zetu akupe macho yanayochoka kwa kutazama, si kwa kudharau. Akupe wanafunzi watakaokupita, na moyo wa kuwafurahia wakikupita. Ulimi wako uwe mzito wa kulaumu na mwepesi wa kukiri. Na popote watakapokupeleka, mlimani au nyikani, mtoto yeyote asiteremke njia ya shule akilia kwa sababu yako. Nenda na amani, mwanangu.